Nyuma ya Shabaha

Janelle aliirudisha bastola ya Arden Tveiten ndani ya mfuko wa mkate. Ilikuwa saa tatu asubuhi, ukungu umelala juu ya ziwa lililoganda, barafu na mbingu vimekuwa kitu kimoja. Marlys alikuwa dirishani na kikombe chake cha kahawa alipomwona yule mhudumu wa mkahawa akitokeza polepole katika weupe ule, aproni bado iko kiunoni chini ya koti, mfuko kaushika mbele yake kwa mikono miwili kama aliyebeba bakuli la mchuzi wa moto.

"Mama Marlys," alisema mlangoni, asiingie. "Mzee amesahau kitu chake kwetu."

Marlys alijua kabla ya kuupokea. Alikuwa ameubeba uzito wa namna hiyo kiunoni kwa miaka ishirini na sita, hakuhitaji kufungua. Aliuliza ilikuwa wapi. Janelle akaangalia viatu vyake. Ilikuwa chooni, juu ya tangi la maji, imelazwa vizuri, mdomo umeelekea ukutani. Yeye ndiye aliyeingia baada ya mzee, kwenda kubadilisha karatasi. Nje mlangoni alikuwa akisubiri mama mmoja na mtoto wa miaka minne aliyebanwa na mkojo, nao aliwaambia wangoje kidogo choo kina hitilafu. Kabla yake hakuingia mtu. Hilo alilisema mara mbili.

"Nimetoa risasi kama mlivyotufundisha. Ziko humo humo chini, kumi na moja. Sijamwambia mtu, hata bosi."

"Ahsante, mwanangu."

"Kibali changu cha bastola nilikipata kwa mzee. Nilipokuwa nasumbuliwa na yule mwanamume, mzee ndiye aliyenifundisha kusimama." Alifuta pua kwa mgongo wa glavu. "Sikutaka askari waje pale mbele za watu."

Marlys alimkaribisha kahawa, akakataa, akasema ameacha chapati kwenye kikaango. Kisha akarudi alikotoka, na ukungu ukamfunika kuanzia miguuni, kofia yake ikawa ya mwisho kuonekana.

Sebuleni Arden alikuwa ameketi kwenye kiti chake, akitazama vibanda vya wavuvi kule juu ya barafu. Aligeuka akauona mfuko.

"Umenunua mkate?"

"Ndiyo," alisema Marlys.

Katika miaka arobaini na moja ya ndoa yao hakukumbuka kumdanganya mumewe jambo lolote zaidi ya bei ya mapazia. Alisimama pale na mfuko wake, akautazama ukanda wa Arden. Ala ya bastola ilikuwa pale pale kwenye nyonga ya kulia, tupu, na mwenyewe hana habari. Aliizunguka nyumba nayo siku nzima ile, tupu hivyo hivyo, akila, akisinzia, akipiga mluzi.

*

Katika kaunti tano za upande ule wa Minnesota, ukimtaja Arden huna haja ya kutaja ukoo. Ndiye mwenyekiti wa chama cha wabeba bastola za kufichwa na wakufunzi wao, mkewe ni katibu, na makamu wao ni Verlyn Kjos, fundi bomba mstaafu. Nusu ya watu waliobeba silaha chini ya makoti yao kanisani, benki na kwenye mauzo ya ng'ombe walikuwa wamekaa mbele ya Arden kwenye viti vya kukunja, wakamsikia akisema kwa sauti yake ya taratibu kwamba bastola si ushujaa, ni mzigo, na asiyeweza mzigo auache nyumbani.

Kanuni za chama alizitunga mwenyewe. Ya nne ilikuwa fupi kuliko zote: mkufunzi akiiacha silaha yake mahali isipoonekana na macho yake, atarudisha cheti, na mkutano mkuu utaambiwa. Watu wanne walikwisha kurudisha vyeti kwa kanuni hiyo. Mmoja wao alikuwa Curtis, mtoto wa mjomba wake Arden, aliyeisahau yake kwenye koti alilolitundika kwenye karamu ya arusi. Curtis aliomba, mkewe akaomba, na Arden akasema anawapenda wote wawili, kisha akanyoosha mkono apewe cheti.

Marlys aliifungia bastola kwenye sefu, akabadilisha namba. Namba ya zamani ilikuwa tarehe ya arusi yao. Alipofika kwenye namba mpya alikaa muda mrefu hajui aweke nini, mwisho akaweka namba ya simu ya marehemu mama yake. Walikuwa na bastola tisa nyumbani, ukiacha ile ya kiunoni mwake. Alihesabu nane. Ya tisa, ile ndogo, akajiambia itakuwa kwenye sanduku la vifaa vya darasani.

Kisha akampigia Verlyn.

Verlyn hakutaka kuzungumzia ndani. Walikaa kwenye pikapu yake uani, hita inavuma, vioo vimejaa mvuke wa pumzi zao. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa tena.

"Mkutano mkuu ni Jumamosi ya wiki ijayo," alisema.

"Najua. Barua za mwaliko nimeandika mimi."

"Ngao ya heshima imeshachongwa. Watu wanatoka kaunti tano kuja kumpa mkono. Leo hii tukasimama tuwaambie nini, dada? Kwamba mwenyekiti kaiacha chooni? Wale wasiotupenda watacheka mpaka walie. Miaka yote tunawaambia watu sisi ndio wenye akili, sisi ndio waangalifu."

"Ndiyo ilivyoandikwa, Verlyn."

"Kaandika yeye. Akiwa mzima." Alisema hilo, kisha akajuta, akafuta kioo kwa kiganja ingawa nje hakukuwa na cha kuona. Akaendelea kwa sauti ya chini: darasa la mwezi wa tatu limejaa, watu thelathini na wawili wameshalipa kwa ajili ya jina la Arden, na yeye Marlys anajua fika nyumba ile inakula nini. Siku kumi tu. Amalize mkutano, apokee ngao yake, ajiuzulu kwa heshima, aseme magoti yanamsumbua. "Kila mtu ana magoti," alisema Verlyn.

Marlys alikubali. Hakukubali kwa sababu ya fedha wala kwa sababu ya ngao. Alikubali kwa vile siku kumi zilikuwa siku kumi, na mtu anayezama haulizi jani lina nguvu gani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini kuna wanaoficha kwa sababu wangependa kukaa na mgonjwa wao kidogo kabla ya dunia kuingia chumbani.

*

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu, na ajabu yake kubwa ni kwamba zilikuwa tamu.

Theluji ilianguka kila siku bila upepo. Ilianguka asubuhi na mchana, punje kubwa zisizo na haraka, mpaka barabara ikapotea, kisha uzio, kisha sanduku la barua. Ndani Arden alikuwa mtu mwingine, au pengine mtu wa zamani sana. Yule mwanamume wa maneno machache alianza kusimulia. Alimsimulia Marlys juu ya farasi wa baba yake aliyeogopa kuku, na harufu ya shati la mama yake akitoka kukamua ng'ombe. Alimshika mkono mezani bila sababu. Mara moja alimwita kwa lile jina la utani alilomwita walipokuwa wachumba, ambalo hakulitamka tena tangu walipozika mtoto wao wa pekee, na Marlys akalazimika kwenda kusimama chumba cha kufulia, akiangalia nguo zikizunguka kwenye mashine.

Siku ya pili alisema Gordy alipita.

Gordy alikuwa kaka yake. Barafu ilipasuka chini yake zamani, Arden akiwa na miaka kumi na tisa. Arden alisema amepita kama mtu anayesema posta wamepita.

"Alitaka nini?" aliuliza Marlys.

"Hakutaka kitu. Alisimama tu pale kwenye uzio na ndoo yake. Nikampungia."

"Akajibu?"

"Gordy? Ana maringo yule." Akacheka, na Marlys akajikuta anacheka naye. Walicheka pamoja mezani kwa ajili ya maringo ya mtu aliyekufa, nje theluji ikishuka, na kwa dakika ile hakuona ubaya wowote. Usiku, usingizini, Marlys naye alimwona Gordy, ambaye hakupata kumjua ila kwa picha. Alipoamka hakuweza kusema ni nani katika nyumba ile aliyekuwa akiota.

*

Jumatano alasiri Marlys alirudi kutoka dukani. Mlango wa mbele ulikuwa umezibwa na theluji, akapitia gereji. Jikoni hakukuwashwa taa. Mwanga ulikuwa ule wa kijivu unaoingia na theluji, usio na kivuli. Arden alikuwa amesimama karibu na friji.

Alikuwa ameshika ile bastola ndogo. Ameishika kwa mikono miwili, viwiko vimekunjwa kidogo, mguu wa kushoto mbele, kidole kimenyooshwa nje ya kifyatulio, mdomo umeelekea sakafuni hatua mbili mbele ya viatu vya Marlys. Mwanafunzi akisimama hivyo darasani alipewa alama zote.

"Mama, simama hapo hapo tafadhali," alisema. Sauti yake ilikuwa ya adabu. "Mke wangu yuko ndani na hapendi kushtuliwa."

Marlys alikuwa na galoni ya maziwa mkono huu na mfuko wa viazi mkono huu. Neno lililomjia mdomoni lilikuwa *ni mimi*. Alilimeza. Alikuwa amewafundisha wanawake mia kadhaa kwamba mwenye hofu na silaha hasikii maelezo, na kwamba jina lako halina maana kwa mtu asiyekujua. Macho ya Arden yalimtazama kwa upole, kama mtu anavyotazama gari la mgeni lililokosea njia likaingia uani kwake.

Aliweka maziwa chini. Aliweka viazi chini. Kisha alisimama wima, akaitoa ile sauti ambayo hakuwahi kuitumia ndani ya nyumba yake, sauti ya kiwanja cha shabaha, inayopita juu ya masikio yaliyozibwa.

"Mstari, sitisha!"

Mabega ya Arden yalishuka palepale.

"Kidole nje. Toa magazini."

Magazini, kile kikasha cha risasi, ikatoka, ikawekwa kwenye meza ya jiko.

"Fungua chemba. Tazama. Onyesha."

Risasi moja ilidondoka, ikabingirika chini ya jiko. Arden alitazama ndani ya chemba, akaingiza ncha ya kidole kidogo kuhakikisha, akaigeuza bastola ili mkufunzi aone.

"Tupu," alisema.

"Weka chini. Rudi hatua moja."

Akaweka. Akarudi hatua moja, mikono imeachwa wazi pembeni, akingoja amri inayofuata. Amri haikuja. Friji iliunguruma, ikanyamaza. Kisha Arden akakunja uso.

"Marlys, mbona unaingia na viatu vya theluji? Ona sakafu."

Akachukua kitambaa akapiga magoti mwenyewe, akaanza kupangusa yale maji miguuni pake.

*

Asubuhi iliyofuata ilikuwa nyeupe na akili ya Arden ilikuwa wazi. Asubuhi za namna hiyo zilikuwepo bado. Alikuwa ameshakaanga mayai, ameshasoma gazeti, na aliposema neno lilikuwa neno la leo. Marlys alikaa mbele yake akamwambia yote: choo cha mkahawani, mtoto wa miaka minne, mfuko wa mkate, namba ya sefu, pikapu ya Verlyn, jikoni.

Hakumkatiza. Alipomaliza aliuliza jambo moja.

"Kidole kilikuwa wapi?"

"Nje."

"Mdomo?"

"Chini. Hatua mbili mbele yangu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, na ilikuwa fedheha kuona alivyopata nafuu kidogo katika majibu yale. Baadaye aliisukuma sahani pembeni. Yai lilikuwa zima.

"Ningekuwa mwanafunzi wako, ungefanyaje?"

"Ningekufelisha," alisema Marlys.

"Nami ningekuona mwalimu mbaya usipofanya hivyo. Lakini hukunipa mtihani. Sitaki kufelishwa kwa maneno ya jikoni, Marlys. Nipe mtihani kama unavyompa kila mtu."

Kiwanja chao kilikuwa nyuma ya ghala, na ukuta wa udongo mwishoni wa kuzuia risasi. Siku ile ukuta haukuonekana. Theluji ilikifanya kila kitu kuwa karatasi isiyoandikwa. Marlys alisimika shabaha hatua ishirini, akarudi akifuata nyayo zake mwenyewe. Alimpa Arden bastola yake, ile ya chooni. Arden aliipima mkononi, akatoa magazini, akatazama.

"Risasi za bandia."

"Ndiyo."

"Vizuri," alisema. "Ningekukemea ungeweka za kweli."

Akajiweka sawa. Mwili wake ulikumbuka kila kitu. Mtu akimwona kutoka barabarani angesema huyu mzee ataishi miaka mia. Marlys alisimama nyuma ya bega lake la kulia na ubao wa alama. Aliuliza maswali kwa mpangilio uliomo kwenye fomu, ambao waliuandika pamoja, na Arden akajibu moja baada ya jingine bila kutafuta. Akainua bastola. Akalenga. Punje za theluji zilitua kwenye mikono yake, zikawa maji.

Hakufyatua.

"Nyuma ya shabaha kuna nini?" aliuliza Marlys. Lilikuwa swali la mwisho kwenye fomu.

Arden aliishusha bastola taratibu.

"Gordy," alisema.

Marlys alitazama. Palikuwa weupe mtupu, ukishuka.

"Kasimama nyuma yake kidogo, upande wa kushoto. Yuko pale tangu tulipofika. Nilidhani ataondoka." Hakuwa na hofu, wala huzuni. Alikuwa na uchovu wa mtu aliyengoja ndugu yake apite. "Siwezi kupiga, mtu akiwa pale."

"Hapana. Huwezi."

Walisimama. Kunguru alilia mahali fulani, mara moja tu.

"Wewe humwoni," alisema Arden.

Marlys angeweza kumwambia anamwona. Lingekuwa jambo jepesi, na siku zile zilimzoesha mepesi.

"Simwoni, Arden."

Akaifungua chemba, akaionyesha, akamkabidhi bastola ikiwa imeelekea chini, kishikio mbele, kama inavyotakiwa. Theluji ilikuwa imetanda kwenye kofia yake na nyusi zake.

"Basi nifelishe," alisema. "Andika sasa, nikiwa bado najua unachoandika."

Marlys aliandika. Wino ulikuwa umeganda kwa baridi. Ilibidi aipulizie kalamu pumzi yake mara mbili.

*

Verlyn alikuja mchana ule na masanduku mawili. Bastola zote tisa zilitoka, na bunduki ya kuwindia kulungu iliyokuwa ya baba yake Arden. Verlyn alipofunga mlango wa nyuma wa pikapu alimkuta Marlys kasimama pale, anafungua mkanda wake mwenyewe.

"Hiyo yako, dada."

"Anajua naiweka wapi. Miaka ishirini na sita anajua."

Verlyn aliipokea, akaiweka sandukuni. Lakini Marlys alipomwambia kwamba suala la cheti litakwenda mkutanoni Jumamosi, alikataa. Alisema si lazima. Silaha zimetoka, jambo limekwisha, kwa nini kumvua mtu nguo hadharani. Alisema hataliweka kwenye ajenda.

"Ajenda naandika mimi," alisema Marlys.

Basi Jumamosi, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa askari wastaafu, walikuwepo watu mia mbili na kumi. Meza ya nyuma ilijaa masinia ya viazi na nyama ya kuokwa yaliyofunikwa kwa karatasi za bati. Marlys aliingia na Arden, na njia nzima mpaka mbele alijisikia ameegemea upande mmoja, kama chombo kilichopunguzwa shehena. Mkono wake wa kulia haukujua pa kukaa. Watu walisimama wakapiga makofi. Arden alipeana mikono na kila mtu, akiwaita wote "rafiki yangu", na wengi walidhani ni upendo tu.

Ngao ilitolewa. Arden aliipokea, akaitazama, akasema ahsanteni, akaketi nayo mapajani. Verlyn, aliyekuwa akiendesha kikao, alipekua karatasi zake, na alipofika namba tatu ya ajenda akamtazama Marlys kwa macho ya kumwomba. Marlys alisimama.

Alisoma. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Alisema tarehe, mkahawa, na mahali ilipoonekana. Alisema yeye mwenyewe, katibu, alijua na akanyamaza siku kumi, na kwamba anakirudisha cheti chake pia kwa hilo. Alisema mwenyekiti amefanyiwa mtihani na hakufaulu. Kisha akasoma hoja: kwamba chama kikipokee cheti cha ukufunzi cha Arden Tveiten, na jina lake liondolewe kwenye orodha ya wakufunzi.

Katika safu ya tatu Janelle alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Kuna hoja," alisema Verlyn. Sauti yake ilikwaruza. "Kuna anayeunga mkono?"

Hoja isiyoungwa mkono hufa, kila mtu mle ndani alilijua hilo. Palikuwa na watu mia mbili na kumi na mikono mia nne na ishirini, na yote ilikaa mapajani. Wengine waliangalia dari. Mtu mmoja alivuta kiti chake mbele kidogo kisha akaonekana kujuta kwa kelele ile. Curtis, mtoto wa mjomba, alikuwa mwisho kabisa karibu na makoti. Marlys alimtazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane Curtis naye akamtazama, akatikisa kichwa: hapana, si mimi. Verlyn alikwisha kuishika nyundo yake ndogo ya mbao. Alikuwa tayari kusema hoja imekufa, na uso wake ulianza kulegea kwa shukrani.

Mkono ulinyooka mbele.

"Naunga mkono," alisema Arden.

Alikuwa ameketi wima, ngao imelala mapajani, mkono wake wa kulia juu, vidole vimenyooka. Sauti ilikuwa ile ile ya taratibu. Mwanamke mmoja alianza kulia upande wa madirisha.

Kwa kuwa Verlyn hakujua la kufanya, alifanya lile linalofanywa.

"Jina la anayeunga mkono? Kwa ajili ya muhtasari."

"Arden Tveiten," alisema Arden.

Marlys alimtafuta machoni. Alitaka kuona kama alijua kwamba cheti ni chake mwenyewe. Alitazama kwa muda wote ambao mtu anaweza kumtazama mwenzake mbele ya ukumbi, na macho yale ya buluu yakamtazama yeye pia, angavu, yenye subira, kama ya mtu aliyekaa darasani na anataka mwalimu wake afaulu. Na hakuweza kusema kama alijua, wala hakuweza baadaye, siku zote alizojaliwa kuishi naye.

"Mama katibu," alisema Arden kwa upole, alipoona kalamu haiendi. "Andika."

Akaandika.